Kicheko cha Mjane

4 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Wifi hajambo? Na wanangu, bado wanagombania kiti cha mbele kwenye gari lako la kazi? Mama je, macho yanaendeleaje? Mwambie yale matone si ya kuweka anapokumbuka, ni asubuhi na jioni. Mimi mzima, ila kutwa napiga chafya. Ni unga. Nitaeleza.

Nimepata kazi. Si ile ya kusifia sabuni redioni. Ni filamu, na safari hii sipiti nyuma nimebeba sinia. Mimi ndiye mjane, na bila mjane hakuna filamu. Inaitwa *Marehemu Hana Haraka*. Mwenye duka la mikate anakufa asubuhi, na aliyemmaliza ni mkewe. Shemeji yake anamsaidia kuficha maiti kwenye stoo ya unga. Kisha anakuja mpelelezi, anaonja skonzi moja, na tangu hapo haondoki. Kila siku anarudi kupeleleza, kila siku anakula. Huku nyuma maiti inasubiri.

Najua utauliza kifo kinachekesha nini. Nami niliuliza. Lakini niliposoma mswada nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta, halafu nikajiona mtu mbaya. Filamu ndivyo ilivyo: inakuchekesha, kisha inakugeuza utazame ulichokicheka.

Mwongozaji wetu ni mama mfupi, tunamwita Kamanda. Ana sheria moja: atakayejaribu kuchekesha, nje. Anasema mwuaji hajui kama anachekesha, yeye ana shida zake. Anayecheza maiti ni mzee aliyeigiza kabla sijazaliwa. Sote tunamwita Marehemu, hata wakati wa chakula. "Marehemu, nisogezee chumvi." Huwezi kuamini mtu anaweza kulala tu, bila kusema neno, na bado ukashindwa kumwondolea macho. Anasema amecheza wafalme na majambazi, lakini hajawahi kupata kazi ngumu kama kutofanya kitu.

Jana tulikuwa kwenye mazishi. Mswada unasema mjane analia. Kamanda akatikisa kichwa. "Hapana, kila mtu analia. Wewe ungefanyaje?" Sikufikiri, kaka. Nilicheka. Kicheko kile, unakijua. Watu wote wakaganda, mshika kipaza sauti akasahau mkono wake hewani. Marehemu alifumbua jicho moja ndani ya jeneza. Kamanda akasema, "Hicho hapo. Usikiguse tena."

Nijibu kwa barua. Kwenye simu tukianza tunaishia kukatiana.

Mdogo wako,
Kasuku

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Watoto wamefunga shule, kwa hiyo nyumba haina utulivu. Mama anaweka matone anapokumbuka.

Kazi zipo. Joto la mwezi huu limeua majokofu ya nusu ya mji. Mwenye bucha ameniletea friji lake mara ya tatu. Nimemwambia kompresa imekufa na haitafufuka kwa maombi yake. Anataka nijaribu tena. Watu hawapendi kuambiwa kitu kimekwisha.

Kuhusu filamu, hongera. Siku zote ulikuwa hodari wa kuiga watu, ndiyo maana nilikuita Kasuku. Nina ombi moja tu. Kicheko hicho kiondoe. Lia, kama ilivyoandikwa.

Sina la kuongeza.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nafurahi nyote ni wazima. Mpe pole mwenye bucha.

Umeniandikia kama mtu anayeagiza spea. "Kicheko kiondoe." Kwa nini? Huna la kuongeza, au unalo na unaliketia?

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa Baba alipouawa. Nakumbuka majambazi waliingia dukani mchana kweupe, watu wakiwa barabarani, na hawakupatikana mpaka leo. Nakumbuka makaburini. Mama alisimama kati yako na shangazi, na yule mzee alikuwa akisoma habari za maisha ya Baba, na ghafla Mama akacheka. Si kidogo. Alicheka mabega yakitikisika, shangazi akamvutia uso wake kifuani. Kesho yake mlinipeleka kwa mama mdogo, nikasomea huko. Nikirudi likizo nikauliza, mnanipakulia chakula.

Kicheko hicho nimekaa nacho miaka yote, sikujua nikiweke wapi. Kamanda aliponiuliza, kikatoka chenyewe. Si dhihaka. Ni kitu cha kweli kuliko vyote nilivyowahi kufanya mbele ya kamera. Usiniambie nilie machozi ya kuigiza wakati ninacho hiki.

Nimefunga humu ukurasa mmoja kwa ajili ya Mama. Namweleza filamu ilivyo na namwomba ruhusa. Kwa kuwa macho yake ni hayo, msomee wewe. Usiruke mstari.

Kasuku

11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hujajibu. Nilidhani barua imepotea, ila wifi ameniambia kwenye simu kwamba ilifika. Nilipomuuliza zaidi akasema sufuria inafurika. Nyumba hiyo sasa mnafurika wote.

Haya, habari zangu. Tumemaliza kupiga picha. Siku ya mwisho ilikuwa kati yangu na mpelelezi. Anayemcheza alikuwa zamani muuza viatu, ana uso mpole kama mto wa kulalia. Ananiuliza maswali ya kuninyonga huku akipangusa makombo kwenye tai. Hapandishi sauti. Hanitishi. Anasema tu, "Mama, skonzi za leo zina ladha tofauti, umebadilisha unga?" Nami najua unga umetoka wapi na nani amelala juu yake. Mgongo wangu ulilowa jasho la kweli. Kamanda aliposema imetosha, mafundi wa taa waliangua kicheko walichokuwa wamekibana, na mmoja wao, mwanamume wa miraba minne, alikuwa anafuta machozi. Nilimuuliza kama ni ya kucheka au ya kulia. Akasema hata yeye hajui.

Hicho ndicho kinachonivuta, kaka. Msiba mtupu watu wanaufumbia macho, na mzaha mtupu wanausahau wakifika mlangoni. Hiki kinawapata wakiwa wamefungua mdomo.

Kamanda anakata filamu sasa. Tulipiga mazishi namna zote mbili, kwa kicheko na kwa kilio. Ameniahidi nitakuwa na kauli juu ya ipi itumike mpaka mwisho wa Julai. Kimya chako hakitaniamulia. Mama akisema nisicheke, sitacheka. Wewe ukisema, nataka sababu.

Kasuku

28 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Friji la bucha limekwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Unataka sababu. Haya.

Ukurasa wako sikumsomea Mama. Niliukunja nikautia mfuko wa shati, na kila nikibadilisha shati nauhamisha.

Ulipoondoka kwenda kwa mama mdogo, hapa mtaani palianza maneno. Mwanamke gani anamcheka mumewe kaburini? Jirani yetu, huyu tunayemwita Bi Redio, ndiye aliyelitamka kwanza kisimani, au labda alilipokea akaliongezea sauti. Wakasema wale majambazi walitumwa. Walijuaje saa ambayo Baba yuko peke yake dukani? Basi ni mkewe. Polisi wakamwita Mama, wakamweka kwenye benchi tangu asubuhi, wakamrudisha jioni. Wakamwita tena. Hawakupata kitu kwa sababu hapakuwa na kitu. Lakini mtu akishaonekana kwenye benchi lile, amekwisha. Wateja waliacha duka. Akipita, wanawake walinyamaza, na akishapita walianza tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipigana na mtu sokoni, nina alama yake mkononi, wewe siku zote umeambiwa ni bati la friji.

Imechukua miaka mingi watu kuchoka. Hawakuamua kwamba hana hatia, walichoka tu. Leo wanamsalimu, wanamwita Bibi, wanamwazima ungo. Mimi nimefanya kazi hiyo, kumlinda na hilo neno, kuliko nilivyofanya kazi ya friji. Sijawahi kulitaja mbele yake, naye hajawahi kulitaja mbele yangu.

Sasa wewe, binti yake, unataka kutokea kwenye ukuta mzima, ukiwa mjane aliyemuua mumewe kweli, ukicheka kicheko chake kilekile. Na filamu zote hufika hapa mwishowe.

Ndiyo maana nilisema kiondoe. Nasema tena.

Kaka yako

9 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Leo sisalimii wengine, nisamehe, nakusalimu wewe.

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi ya chumba cha kukatia filamu, na nikakaa hapohapo, watu wakawa wananiruka. Kumbe nilikulia kwa mama mdogo nikila na kucheza huku ninyi mko vitani. Kumbe alama ile ni ya mtu na si ya bati. Pole, kaka. Pole sana, na imechelewa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kamanda kumwambia aweke kilio. Nilifika mlangoni. Nikarudi.

Nilirudi kwa sababu niliona hatuna tofauti, mimi na Bi Redio na wewe. Sote tumekisikia kicheko kile, kila mtu amekifasiri, na hakuna aliyemuuliza mwenye nacho. Wewe umemfungia Mama kama nyama kwenye jokofu ili asiharibike. Mama si nyama, kaka. Aliketi kwenye benchi la polisi akarudi nyumbani akapika. Mtu wa namna hiyo anaweza kusomewa ukurasa mmoja.

Msomee. Akikataa, nitakiondoa kwa mkono wangu, hata Kamanda akinifukuza. Lakini akatae yeye.

Kasuku

25 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika haraka ili iwahi.

Sikumsomea mimi. Wifi yako alikuwa anakagua mifuko kabla ya kufua, akaukuta ukurasa, akausoma, akaenda kumsomea Mama uani bila kuniuliza. Nimerudi kutoka kazini nimewakuta wawili hao wamekaa, beseni la nguo katikati yao, maji yamepoa.

Mama akaniuliza, "Kwenye hiyo filamu, mjane amemuua mumewe kweli?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

Sikujua. Hukuandika. Nikasema labda alikuwa mtu mbaya.

Akafikiri. Kisha akasema maneno haya, nami nayaandika yalivyo: "Mwambie mdogo wako kicheko ni changu, nimempa. Uuaji si wangu, huo autafute mwenyewe."

Nikaanza kumweleza kuhusu watu. Akanikatisha. "Unadhani sijui walichosema? Nilikuwa na masikio wakati huo, yaliyoharibika ni macho. Nilinyamaza kwa ajili yako. Ulikuwa kijana, ukitafuta mtu wa kupiga." Halafu akasema, "Ikifika hapa utanipeleka. Mchana, kwa miguu, kupitia barabara kubwa."

Mimi bado sikubali. Lakini uliniambia nisiruke mstari, sikuruka.

Kaka yako

15 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Wifi mpe mkono, tena mikono yote miwili. Watoto wabusu. Mama mwambie nimepokea, na kwamba nilipopokea nilikwenda kununua nyanya nisizozihitaji.

Filamu imetoka. Ukumbi wa kwanza ulijaa. Watu walicheka mahali tusipotarajia na wakanyamaza mahali tulipodhani watacheka, Kamanda akawa anauma kofia yake. Kicheko kilipofika, mtu mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ndogo, "Mungu wangu." Basi. Walipotoka walimzunguka Marehemu wakitaka kupiga naye picha, kila mtu anataka afumbe macho.

Inafika kwenu Jumamosi ya kwanza ya Novemba, ukumbi ule wa karibu na posta, onyesho la saa tisa mchana. Mimi nitakuwa mji mwingine na Kamanda, mkataba unanifunga, ingawa sitakuficha kwamba pia naogopa. Nimewawekea tiketi. Kaeni nyuma karibu na mlango. Watu wakimgeukia, mtoe.

Najua hukubali. Asante kwa kumpeleka hivyo hivyo.

Kasuku

8 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima. Wifi yako anakwambia yeye mikono alishaipokea, sasa anataka kitenge.

Tumekwenda. Tulipitia barabara kubwa, kama alivyoamuru. Alivaa gauni la rangi ya samli na viatu vya kufunga. Nilimshika mkono, akautoa. "Wataona nashikiliwa." Watu walituona kweli. Mtaa mzima ulijua filamu ni yako, na wale wa zamani walijua na mengine. Ukumbi ulijaa. Nikamwonyesha viti vya nyuma. Akasema hajaja kutazama visogo, na macho yake hayafiki mbali. Tukakaa mstari wa pili, katikati. Bi Redio alikuwa nyuma yetu kabisa, nilimsikia akipumua.

Sitasema uongo. Nilikwenda nimekunja ngumi, na dakika za mwanzo sikuona kitu. Lakini yule mpelelezi, Kasuku! Alipopangusa makombo akakuuliza kuhusu unga, nilijikuta nimeshika kiti cha mbele. Nilitaka usikamatwe. Mimi, ambaye baba yangu aliuawa, namwombea mwuaji asikamatwe, tena nacheka. Nikajikasirikia, nikacheka tena. Na huyo Marehemu wako, pale shemeji anapomkalisha kwenye kiti na kumvalisha miwani, sijui amefanya nini na sijui alifanyaje bila kufanya kitu, lakini mwenye bucha alianguka kutoka kitini kwa kucheka.

Kisha makaburini.

Ulipocheka, ukumbi mzima ulizima. Nilisikia viti vikilia: watu wanageuka. Si wote, wale wa umri wetu kwenda juu. Wanamtazama Mama. Nilianza kusimama. Mama akaniwekea mkono gotini, akaniketisha kama mtoto. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "Tazameni mbele. Mwanangu anafanya kazi."

Wakatazama mbele.

Filamu ilipokwisha tulitoka pole pole kwa sababu ya macho yake. Pale mlangoni Bi Redio alikuwa anasubiri. Amezeeka, anatembea na fimbo. Nilitaka kupita. Lakini alikuwa amesimama mbele ya Mama, akasema, "Dada, siku ile. Ulikuwa unacheka nini?"

Kasuku, hilo swali. Polisi hawakuuliza hivyo, wao waliuliza kwa nini. Shangazi hakuuliza. Mimi, mwanawe, nimeishi naye nyumba moja miaka yote na sikuuliza.

Mama akajibu papo hapo, kama aliyekuwa amelishika mdomoni tangu siku ile. "Yule mzee alisoma kwamba marehemu hakuwahi kupandisha sauti nyumbani kwake."

Akaendelea: "Mume wangu! Aliyekuwa akitafuta soksi mtaa mzima unajua ni ya kushoto! Aliyekuwa akiniambia ananipenda, mbwa wanabweka! Nikamwona anaketi ndani ya jeneza, anapiga kelele, 'Nani huyo hajapandisha sauti?' Ningefanyaje? Nilicheka. Kisha nikakumbuka haketi tena. Hapo ndipo mliponifunika uso, na nilipolia hakuna aliyeona."

Nilikuwa nimeyasahau yote haya. Au niliyafukia. Baada ya maneno ya mtaani nilikuwa namkumbuka Baba kama picha ya ukutani, mpole, kimya. Pale mlangoni nikaisikia sauti yake, akiniita nimletee koleo kutoka upande wa pili wa barabara, na koleo liko mfukoni mwake.

Bi Redio alianza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ameshika mwimo wa mlango, fimbo imeanguka. Alisema, "Ukuta wetu ulikuwa mmoja. Yale maneno yaliposomwa nami nilicheka, dada. Nilijifunika mtandio. Watu wakadhani nalia, wakanipa pole." Hapo akaacha kucheka. Alisema, "Wewe hukuwa na mtandio."

Mama alimtazama. Sikujua atafanya nini, na sidhani yeye alijua. Halafu akaniambia nimwokotee mwenzake fimbo. Hakusema amemsamehe, na mimi sijamsamehe. Lakini walirudi nyumbani njia moja, polepole, mimi nyuma yao, na nikawasikia wanahesabu vitu ambavyo Baba aliwahi kuvipigia kelele. Walifika kwenye kifuniko cha birika wakashindwa kuendelea kutembea.

Leo Mama hakulala mchana kama kawaida yake. Amekaa nami nikiandika, anataka kujua nimefika wapi. Ana maoni juu ya kazi yako. Mpelelezi amempenda, anauliza kama ameoa. Anasema unatembea kwa haraka mno kwa mtu aliyefiwa, mjane hana pa kuwahi. Na kicheko, anasema, umekikata kifupi. Yeye alicheka zaidi.

Kaka yako